Mwaka Tulioacha Kupiga Mluzi

Sijui alizaliwa wapi, na sitajifanya najua. Nilipomkuta alikuwa tayari mama mtu mzima, mjane, mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake, na kitongoji kizima kilimwita Mpepetaji. Hata mwinjilisti, aliyekuwa na daftari lenye majina ya ubatizo ya waumini wote, alimtaja kwa kazi yake. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake lingine sikuwahi kulitumia hata siku moja.

Mimi nilikuwa bwana shamba, mtu wa Tukuyu, nimepangiwa kazi kwenye kijiji cha Wabena kando ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya, mahali ambapo nchi ya juu inakoma na bonde la Usangu linaanza. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamekwisha kuhamishiwa vijijini. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kilima kirefu chembamba tulichokiita Mgongoni. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo ulivuma huko juu mpaka nyasi zikalala upande mmoja. Wenyeji hawakuulalamikia. Walipandisha ulezi wao huko, wakaupura, kisha wakaupepeta kwenye uwanja mmoja uliosiribwa kwa udongo na samadi. Msimamizi wa uwanja huo, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa yeye.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Wanawake walijipanga mstari, nyungo zimejaa, wakingoja. Yeye alisimama mbele yao ameelekea upande wa Njombe, kimya. Aliweza kusimama hivyo hadi mtoto mgongoni kwa mama yake akachoka na kulia. Kisha alipiga mluzi mmoja mrefu, unaoanza chini na kupanda mwishoni. Wanawake waliinua nyungo, upepo ukafika, wakamimina wote kwa pamoja. Ulezi ulianguka miguuni mwao na makapi yakaruka kuelekea Usangu. Upepo ulipokatika, aliteremsha mkono na nyungo zote zikasimama.

Siku ya kwanza nilitazama nikatabasamu, tabasamu la mtu mwenye cheti. Nikamuuliza mbele ya wenzake kama upepo usingekuja bila mluzi. Akanitazama toka viatu hadi kofia.

“Nyie watu wa ndizi mtajuaje,” akasema. “Chakula chenu kinamenywa.”

Wanawake walicheka hadi nyungo zikatikisika, na kwa mwezi mzima nikawa Mtu wa Ndizi. Sikukasirika. Kusema kweli nilimpenda tangu siku ile, na nilimwogopa pia.

Uwanjani alikuwa mkali kupita kiasi. Kuna siku wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alimimina kabla ya mluzi, makapi ya ungo wake yakarudi kwenye ulezi safi wa wenzake. Mpepetaji alichukua ufagio akafagia mwenyewe, kisha akamtuma mwisho wa mstari, nyuma ya wasichana. Wifi akamkumbusha kuwa wao ni ndugu. Yeye akajibu kuwa uwanjani hakuna wifi. Jioni hiyo hiyo nilimwona akivuka ua wangu na kapu la ulezi kichwani, akimpelekea huyo wifi, na alipogundua nimemwona akaniambia nitazame mboga zangu.

Ulezi aligawa bila kupima. Chumvi, kwa upande mwingine, alikuwa mchoyo nayo kabisa. Aliifunga kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya kopo, kopo chini ya kitanda, na mgeni akila kwake alitiwa chumvi ya ncha za vidole viwili. Aliyelalamika aliambiwa arudi kwao akalambe jasho lake. Mimi nilijifunza kwenda na chumvi yangu mfukoni, naye alinisifu kwa kulelewa vizuri.

Kanisani alikaa benchi la mbele. Mwinjilisti alimpiga vijembe waziwazi: Bwana ndiye anayetuma upepo, wala hauitwi kwa midomo ya mwanadamu. Yeye aliitikia amina kuliko wote, na Jumatatu akapanda Mgongoni akapiga mluzi. Nilimuuliza anaunganishaje hayo mawili. Akasema hayana haja ya kuunganishwa: Mungu anatuma upepo, yeye anawaambia watu washike nyungo. Nilidhani anatania.

Tena alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Baridi ya Juni kule si ya mchezo, watu hujifunika mpaka masikio, lakini yeye shingo yake ilikuwa wazi siku zote. Shuka alijifunga kifuani. Niliwahi kumletea skafu kutoka mjini Iringa, akashukuru, akaifunga kiunoni. Alisema shingo hufunikwa na mtu asiye na kazi.

Kitu kimoja alichokiogopa ni lori. Likisikika linabadilisha gia barabarani, alisimamisha chochote alichokuwa akifanya mpaka lipite. Hadithi yake nilisimuliwa na wifi, maana mwenyewe hakuitaja. Kabla sijafika, watu hawa waliishi ng'ambo ya Mgongoni, kila mmoja kwenye shamba lake na makaburi yake. Malori yalipokuja kuwahamishia barabarani, ulezi wa Mpepetaji ulikuwa umepurwa lakini haujapepetwa. Aliomba siku mbili, akanyimwa hata moja. Mvua za kwanza ziliukuta palepale chini, ukachipua, uwanja ukawa kijani. Tangu hapo, kila alipopanda Mgongoni alikwenda kwanza ukingo wa pili, akatazama kule chini miti ya kwao ya zamani, kisha akarudi kazini. Wengine walifanya vilevile. Mgongoni palikuwa mahali pekee walipoachiwa, na kila mtu alilijua hilo.

Kwa hiyo vigingi vyekundu vilipochomekwa Mgongoni, watu waliacha kula. Vigingi kama vile ndivyo vilivyotangulia malori mara ya kwanza.

Waliokuja safari hii walikuwa mhandisi mmoja kutoka Dar es Salaam na wazungu wawili wapole, wenye kofia zilizofungwa kidevuni zisipeperuke. Baraza likaitishwa. Mhandisi alieleza vizuri, kwa Kiswahili kinyoofu. Walitaka kusimamisha Mgongoni mitambo ya upepo, milingoti mirefu yenye mapanga yanayozunguka, safu nzima toka mwanzo wa kilima hadi mwisho, ili itoe umeme wa kiwanda. Umeme huo ungepita juu ya nyumba zetu bila kushuka. Kilima kingezungushiwa ua wa waya, na kitongoji chetu, kwa kuwa kilikuwa chini yake kabisa, kingehamishiwa ng'ambo ya barabara.

Hakuna aliyepinga. Siku zile mtu aliyepinga maendeleo hadharani aliitwa adui wa maendeleo, na hakuna aliyetaka kuwa mfano wa wengine. Mwenyekiti wa kijiji alipiga makofi, nasi tukapiga.

Mpepetaji peke yake ndiye aliyesimama. Aliuliza kama jambo limekwisha kuamuliwa.

“Bado, mama,” mhandisi akasema. “Sisi hatuamui. Tutasimamisha mlingoti mdogo wa kupimia, tutaupima upepo wenu mwaka mzima. Upepo ndio utakaoamua.”

“Na usipokuja?”

“Usipokuja, tunafunga mizigo yetu tunaondoka.”

Akaketi, akaweka mikono yake mirefu mapajani. Wanawake wote walimtazama, naye hakumtazama mtu.

Mlingoti ulisimamishwa hatua chache kutoka uwanjani. Juu yake vilizunguka vikombe vitatu, chini kulikuwa na kisanduku chenye tarakimu, na mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa kisanduku na daftari la kuandikia nilikuwa mimi. Mara tatu kwa siku, mwaka mzima. Mhandisi aliniahidi kuwa nikilitunza vizuri atanipendekeza kwenda chuo. Nilitaka kwenda chuo kuliko kitu chochote duniani, nisijisafishe kwa uongo.

Siku ya pili yake niliwakuta wanawake uwanjani wakikusanya nyungo zao. Mpepetaji alikuwa akifagia, ingawa hapakuwa na kitu cha kufagia. Aliwaambia kuwa kuanzia siku ile Mgongoni hapapepetwi na mluzi haupigwi, si pale juu, si nyumbani, si njiani. Atakayesahau amwombe Mungu amkumbushe. Akanigeukia.

“Wewe, Bwana Shamba, kazi yako kuandika. Andika. Hakuna mtu atakuambia uandike uongo.”

Ndivyo upinzani wetu ulivyoanza, bila bango wala hotuba. Ulikuwa na akili yake, nikiri. Mtu anaweza kufungwa kwa kung'oa kigingi. Nani atamfunga kwa kutopiga mluzi?

Mwanzoni ilikuwa karibu mchezo. Mwalimu wa michezo alifungia filimbi yake kabatini, mwamuzi akachezesha mpira kwa kupunga kitambaa, na mabao mawili yanabishaniwa hadi leo. Mwenyekiti, aliyekuwa na mazoea ya kupiga mluzi akiendesha baiskeli, sasa alipita amebana midomo mtu akadhani anaumwa jino. Hata mimi mwenye cheti nilijikuta siku moja nanyoa ndevu, wimbo umefika kwenye meno, nikauzuia kwa kiganja. Nilijicheka, kisha sikucheka tena.

Ulezi ulipepetwa ndani ya nyumba, ungo kwa ungo, kwa kutikisa na kupuliza. Vumbi lilijaa vyumbani, watoto walikohoa, na makapi hayakuisha. Mwaka mzima tulikula ugali unaokwaruza meno. Watu walikula kwa fahari, wakitemea makapi pembeni, na kwa muda walipendana kuliko nilivyowahi kuwaona.

Lakini upepo haukukoma.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia. Juni vikombe vilizunguka, Julai vikazunguka zaidi. Kila mtu aliyeinua macho aliviona toka uani kwake, na kila mtu alijiuliza ni nani anayepiga kwa siri. Mama alimchapa mwanawe kwa kuchongoa midomo akipoza uji. Majirani wawili waliokuwa wakikopeshana moto waliacha. Mzee mmoja mwenye pengo, ambaye pumzi yake ilitoa sauti akizungumza, aliombwa asiongee nje ya nyumba. Nilipopita na daftari kwapani watu walinyamaza, na hakuna aliyeniuliza limeandikwa nini.

Ningewaambia nini? Daftari lilisema wazi. Upepo ulikuwa ukija kwa saa zake, siku za kazi na siku za msiba, hata Jumapili kijiji kizima kikiwa kanisani kinaimba kwa midomo iliyo wazi. Mluzi haukuwa na lolote ndani yake. Nililijua hilo kufikia mwezi wa pili wa kuandika, nikanyamaza. Nilijiambia hawataniamini. Nilijiambia pia kuwa yule mama ameshika imani ya wazee wake, na si heshima mgeni kumvua mtu imani yake. Ukweli mwingine ni kwamba niliwaza chuo, na sikutaka ugomvi na upande wowote.

Agosti ulivuma upepo uliong'oa mabati mawili ya nyumba ya mwenyekiti. Mchana wa siku ile nilikuwa Mgongoni, nimefungua kisanduku, niliposikia kelele zikipanda. Walikuwa wanaume kama ishirini, na katikati yao mfugaji mmoja aliyefungwa mikono nyuma. Huyo alikuwa mtu wa kutoka Shinyanga, aliyefika Usangu na mkewe, watoto na ng'ombe, akaruhusiwa kuchunga kwenye miteremko yetu ya upande wa bonde. Alikuwa amesikika akipiga mluzi.

Walimkalisha uwanjani. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli.

“Naita ng'ombe,” mtu yule akasema. “Sijaita upepo mimi. Ng'ombe zangu zinajua mluzi, hazijui Kiswahili.”

Siku nyingine tungecheka. Mmoja wa wanaume alikuwa ameokota jiwe la kiasi cha ngumi. Alisema hakuna haja ya kumwumiza sana, atolewe meno mawili ya mbele tu, basi, hatapiga tena, na ng'ombe atawazoesha jina. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga namna ya kukarabati mlango. Wawili wakamshika yule mfugaji kichwa.

Nilikuwa hatua chache kutoka hapo, daftari mkononi. Nilifungua mdomo. Mwenyekiti akanitazama, nami nikaufunga. Nimeyarudia mara nyingi moyoni yale niliyotaka kusema, na huwa yanakuja kwa ufasaha mkubwa.

Mpepetaji alifika akihema, nywele zimejaa vumbi la makapi, ungo bado mkononi. Alipita katikati ya wanaume bila kumsukuma mtu akasimama mbele ya mfugaji.

“Mwachieni mgeni,” akasema. “Anayepiga ni mimi.”

“Wewe?” mwenyekiti akauliza. “Wewe uliyetufunga midomo?”

“Mimi. Nilijizuia nikashindwa. Napanda hapa peke yangu, napiga.”

Wifi yake, aliyekuwa amemfuata nyuma, akasema ni uongo, anamfichia mtu baki. Mwenye jiwe hakulishusha. Mpepetaji akawageuzia mgongo wote, akaelekea Njombe kama alivyozoea. Akainamisha kichwa kidogo upande, shingo wazi, akanyamaza. Alinyamaza mno. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akasema anapoteza muda. Mimi nilidhani anasali, au ameogopa na hajui la kufanya.

Kisha akapiga. Mluzi ule ule, unaoanza chini na kupanda mwishoni, ambao hatukuwa tumeusikia tangu Mei. Kabla pumzi yake haijaisha, upepo ulitufikia. Uliinua vumbi la uwanja likatuingia machoni, na nyuma yangu nikasikia vikombe vya mlingoti vikilia kwa kasi. Wanaume walirudi nyuma. Jiwe lilianguka chini.

Yule mfugaji alifunguliwa kamba na mtu ambaye hakumtazama usoni. Kesho yake aliteremka Usangu na familia yake na ng'ombe wake, na hatukumwona tena.

Kwa Mpepetaji hapakuwa na jiwe. Wifi alimpokonya ungo mkononi, akatangulia nao hadi nyumbani kwa Mpepetaji, akaufunika juu chini mlangoni. Kitongojini kwetu hivyo hufanyiwa mtu aliyewaibia wenzake chakula. Ungo ule ulikaa pale mpaka mchwa wakauanza, naye alikuwa akiuruka akitoka na akiuruka akiingia. Hakuna aliyemsalimu Kamwene asubuhi. Kisimani walimpisha, lakini kwa namna ya kumpisha mtu mwenye ukoma. Kanisani benchi la mbele lilibaki lake peke yake.

Mimi? Nilimsalimu. Nilimsalimu nikiwa ndani ya ua wangu, kwa sauti ya chini, nikihakikisha njia ni nyeupe. Alikuwa akiitikia kwa sauti ya chini vilevile ili asiniponze. Naona haya kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ulipoisha wazungu walikuja na mhandisi wao, wakang'oa mlingoti, wakachukua daftari langu bila kulifungua mbele yangu. Hawakurudi. Sababu sikuwahi kuambiwa. Pengine upepo wetu haukutosha, pengine fedha zao ndizo hazikutosha, pengine kuna kilima kingine kilichowapendeza zaidi. Kitongojini walikuwa na jibu lao: upepo ulipungua baada ya msaliti kufichuliwa. Walirudi Mgongoni, wakasiriba uwanja upya, wakamweka wifi mbele. Wifi alipiga mluzi mara tatu, mara nne, upepo ukaja baada ya wao kuchoka kungoja na kushusha nyungo. Walisema atazoea. Yeye Mpepetaji alitazama akiwa uani kwake, akaingia ndani. Kabla ya mvua alifunga mzigo wake mmoja akaenda kwa binti yake, upande wa Mbeya. Nilikwenda chuo mwaka huo huo.

Nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa nimehamishiwa Mbeya, nikashuka Mbalizi siku ya soko kutafuta mbegu ya viazi. Nyuma ya vibanda vya maharage, kwenye kiwanja kilichosakafiwa na miguu ya watu, wanawake wachache walikuwa wakiwasafishia wafanyabiashara maharage kwa ujira. Mikono nikaijua kabla sijaiona sura. Alikuwa amezeeka haraka, meno ya juu hana, na khanga ameizungusha shingoni mara mbili.

“Kamwene, Mama,” nikasema.

Alinitazama toka viatu hadi kofia. “Mtu wa Ndizi,” akasema. “Mbona umekonda hivyo, chuo hawapiki?”

Nilicheka. Nikachuchumaa karibu yake. Aliniuliza habari za kitongoji, nikampa nilizokuwa nazo: hawajahamishwa, uwanja upo, miti ya kule ng'ambo bado inaonekana. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Wifi hakumtaja, nami sikumtaja. Aliniuliza kama kuna mtu aliwahi kusikia habari za yule mfugaji. Nikasema hapana.

Mbele yake palikuwa na rundo la maharage yaliyopurwa yenye maganda mengi. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, moshi wa wachoma mahindi ng'ambo ya barabara ulipanda wima. Aliniambia meno yamekwenda, akipiga mluzi hewa inavuja, na hawa wanawake wa hapa wamezoea kumsikia mtu akipiga ndipo waamke. Nimpigie mimi.

Nikakusanya midomo.

“Bado,” akasema. “Nitakwambia.”

Alifungua khanga shingoni, duru ya kwanza, duru ya pili, akaiweka mapajani. Akainamisha kichwa kidogo upande akanyamaza. Mara ya mwisho kumwona hivyo ilikuwa Mgongoni, jiwe likiwa limeinuliwa. Tulingoja. Moshi ulikuwa bado wima.

“Sasa.”

Nikapiga. Wanawake wakainua nyungo zao. Kabla mluzi haujaisha, moshi ng'ambo ya barabara ulilala chini, na upepo ukatufikia usoni. Maharage yalianguka, maganda yakaruka.

Niliona siku ile yote upya. Hakuwa akisali, wala hakuwa ameogopa. Alikuwa akiusikiliza kwa ngozi ya shingo, akiungoja uje, ili wanaume wale wamwone ameuita. Na huyo ndiye niliyemnyamazia kwa kudhani nailinda imani yake.

“Ulijua,” nikamwambia. “Tangu mwanzo ulijua mluzi hauiti kitu.”

Alikuwa akiokota mawe kwenye maharage. “Mara ya kwanza walihamishwa wamesimama wanatazama,” akasema. “Mara ile walikuwa na kitu cha kufanya. Wakala makapi, wakanyooka. Ningewanyang'anya?” Akatupa jiwe pembeni. “Kosa langu lilikuwa yule mgeni. Sikumfikiria mtu wa ng'ombe. Hilo nililipa.”

Akanitazama, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

“Na wewe ulikuwa nalo daftari,” akasema.

Alijifunga khanga yake shingoni, kisha akanisukumia ungo uliokuwa karibu yake, umejaa. Akaniambia nisimame upande ule, nishike kwa mikono miwili, nisimimine mpaka aseme.